Miaka Kumi na Moja Chini ya Picha

Jumanne, 5 Machi
Presha 148 kwa 92.
Nesi wa kliniki amenipa daftari hili. Amechora mistari kwa rula, huku tarehe, huku presha, akasema, "Mama, kila asubuhi kabla ya chai, na usinidanganye." Lakini nafasi iliyobaki pembeni ni kubwa mno kwa namba mbili. Nimefanya kazi ya dobi hospitalini miaka thelathini na moja, sijawahi kuacha kamba ina nafasi. Kwa hiyo nitaandika na mengine. Nimemuuliza nesi kama atayasoma, akasema yeye husoma namba tu.
La kwanza: mvua imeanza. La pili: Chiriku anakuja kesho.

Jumatano, 6 Machi
156 kwa 96. Ni ya kusubiri.
Amekuja. Begi moja, kofia imeshushwa mpaka puani, na bado mtaa mzima ulishamjua kabla hajafunga mlango wa teksi. Watu wanamwona mwanangu kwenye sinema wanamwita kwa jina lake refu. Mimi namwita Chiriku, maana alianza kuongea akiwa na miezi kumi na hajanyamaza tangu hapo, isipokuwa akiwa kwangu.
Anasema atakaa wiki nane, mpaka mchezo wa kuigiza uonyeshwe kwenye ukumbi mkubwa hapa mjini. Wiki nane! Miaka kumi na moja hajalala hapa siku mbili mfululizo. Huja asubuhi, hula mbio mbio, anatazama saa, jioni hayupo.
"Unaumwa?" nikamuuliza.
"Hapana, Mama."
"Una mimba?"
"Mama!"
"Kuna mtu kakufukuza?"
"Mama, nimekuja kufanya mazoezi. Nimerudi jukwaani. Kwani kurudi kwa mama mpaka nifukuzwe?"
Nikapakua. Amekaa palepale anapokaa siku zote, kile kiti cha mwisho, mgongo kwenye picha yake. Ile picha iko juu ya kabati la vyombo, ndani ya fremu. Ni ya gazeti, ya mchezo wake wa mwisho jukwaani kabla hajaenda kwenye sinema. Amenyanyua mkono, shingo ndefu, mzuri mpaka unaogopa. Fundi wa fremu aliukata ukurasa kwa juu ili uenee, ukabaki na picha na maandishi madogo chini yake kama sisimizi waliopanga foleni.
Najua kwa nini hakai sana, ingawa sijawahi kulisema hili kwa mtu. Yeye amekuwa mkubwa, nyumba imebaki ileile.

Ijumaa, 8 Machi
150 kwa 94. Mvua. Viazi.

Jumapili, 10 Machi
147 kwa 91.
Leo naandika siri. Nimeanza kusoma nikiwa na miaka hamsini na tisa. Shule niliacha darasa la pili. Namba nilizijua, maana hospitalini tulihesabu mashuka, na jina langu nililijua kuliandika. Mengine yote niliyakwepa, na nilikuwa hodari wa kukwepa. Nilipostaafu nikajiandikisha darasa la watu wazima ng'ambo ya mji, jioni tatu kwa wiki. Watu wote niliwaambia naenda kunyooshwa goti. Jirani yangu fundi cherehani, tunayemwita Sindano kwa ajili ya ulimi wake, mpaka leo ananiuliza, "Goti vipi, Mama Chiriku?" Nasema linaendelea. Moyoni nasema limefika darasa la nne.
Chiriku hajui. Yeye anaamini mama yake alijua kusoma siku zote.
Chini ya kitanda nina bati la biskuti limejaa vipande vya magazeti vilivyomtaja. Nilivikata bila kuvisoma, nilikuwa natafuta uso wake tu. Sasa akienda mazoezini, navitoa kimoja kimoja kufuata miaka, nasoma kidole kikiwa chini ya mstari.

Jumatano, 13 Machi
147 kwa 92.
Kipande cha leo kinasema alipokuwa na miaka kumi na saba alicheza bibi kizee kwenye redio, na msikilizaji mmoja akaandika barua kumpa pole ya mgongo. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka maziwa yakachemka yakamwagika. Siku ile alirudi nyumbani na hakuniambia. Au aliniambia na mimi nilikuwa napiga pasi.

Jumamosi, 16 Machi
151 kwa 93.
Amenieleza mchezo wenyewe. Yeye ni mama mtu mzima anayefagia maofisi. Mwanawe amefungwa. Siku moja anaitwa ofisini, anapewa barua inayomhusu mwanawe, na afisa amesimama anamtazama. Yule mama hajui kusoma na hataki ijulikane. "Hapo ndipo mchezo mzima ulipo, Mama," akasema. "Dakika moja na nusu, sina neno hata moja la kusema. Nina karatasi tu."
Nikajifanya natafuta kifuniko cha sufuria.

Jumatatu, 18 Machi
150 kwa 95.
Bati limenitoa machozi. Ni mazungumzo yake na gazeti, mwaka ule alipopata tuzo ya sinema. Wamemuuliza nani alimfundisha kujiamini. Nayaandika maneno yake kama yalivyo: "Mama yangu. Nikimletea ripoti ya shule aliisoma yote, kimya, polepole kuliko mwalimu. Hakunigombeza hata siku moja. Akimaliza aliniuliza: na wewe mwenyewe unaonaje? Hapo nilisema ukweli wote."
Mungu wangu. Mimi nilikuwa namuuliza ili aniambie kilichoandikwa.

Jumanne, 19 Machi
158 kwa 97. Sikulala vizuri.

Alhamisi, 21 Machi
152 kwa 95.
Mvua haikati. Chiriku amerudi ameloa, hana furaha. Mwongozaji wa mchezo amemrudisha mara kumi na nne kwenye ile barua. Nikamkaushia nywele kwa taulo kama zamani, akaniachia kichwa. Kizito, kichwa cha mtoto aliyechoka.

Jumamosi, 23 Machi
149 kwa 93 asubuhi. Mchana sikuthubutu kupima.
Bati la paa limeachia, maji yakawa yanafuata ukuta nyuma ya kabati. Nikapanda kiti nikaishusha ile picha isije ikaharibika. Nikaketi nayo mapajani, nikapangusa kioo kwa aproni, nikavaa miwani. Kitu kikikaa ukutani miaka mingi kinakuwa ukuta, hukioni tena. Sikuwahi kuwaza kwamba wale sisimizi ni maneno, na kwamba sasa nayaweza.
Yanasema hivi: "Binti huyu ana uso ambao kamera zitaupenda. Lakini jukwaani alikuwa nguo nzuri iliyoanikwa kwenye kamba. Upepo ukivuma inacheza, ila ndani hamna mtu. Tunamshauri aende kwenye sinema, ambako uso unatosha."
Nilirudia mara tatu nikidhani ni mimi ninayesoma vibaya. Kwa mara ya kwanza nilitamani goti langu lisingepona.
Nguo kwenye kamba. Na mimi, dobi, mama yake mzazi, ndiye niliyemtundikia mwanangu maneno hayo ukutani, nikayapangusa vumbi kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja.
Nikaenda kwa Sindano na mwavuli uliovunjika mbavu.
"Ile picha ya Chiriku, uliwahi kusoma yale maandishi?"
"Siku ile nilipopanda kiti kukubadilishia balbu. Ni kama miaka saba hivi."
"Na hukuniambia kitu?"
"Nikuambie nini? Mwenye nyumba ni wewe, picha umeitundika wewe." Akauma uzi kwa meno. "Nilisema moyoni, huyu mama ni chuma. Mtoto nyota mzima, na bado anamnyoosha! Nilirudi hapa nikamgombeza wangu bila kosa lolote."
"Basi watu wote wanajua hivyo?"
"Wanaofika kusoma wanajua hivyo. Wanakuogopa, mama we. Kwani vipi?"
Nikasema hamna kitu, goti linauma.

Jumapili, 24 Machi
165 kwa 100.
Picha nimeificha chini ya godoro. Ukutani umebaki mraba mweupe, kila nikipita unanitazama.
Chiriku alitoka chumbani kwenda kuchukua maji, akasimama mbele ya ule mraba. Nikaanza, "Paa limevuja, ndiyo maana..." lakini hakunisikia. Alikuwa analia. Mtu mzima wa miaka thelathini na nane, glasi mkononi, analia kama ametoka kupigwa shuleni.
"Umeitoa," akasema.
"Mwanangu..."
"Nilijua unaniambia nini. Hukutaka nivimbe kichwa. Kila nikipata tuzo nakuja hapa, naikuta bado ipo. Nikajiambia, siku Mama mwenyewe akiishusha, hiyo siku nitakuwa mwigizaji. Ndiyo maana nimerudi jukwaani, Mama. Kwa ajili ya ukuta huu."
Akanikumbatia akanibana mpaka miwani ikapinda. Na mimi nikafanya nini? Nikampigapiga mgongoni nikasema, "Haya, haya." Nimesema uongo mwingi kwa kunyamaza maishani mwangu, lakini huu una uzito wa shuka lililoloa.

Jumatatu, 25 Machi
163 kwa 99. Ameondoka akiimba.

Alhamisi, 28 Machi
160 kwa 98.
Wimbo umekwisha. Ile barua imemshinda tena.

Jumatano, 3 Aprili
162 kwa 99.
Mwongozaji mwenyewe amekuja, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Akafuta viatu mara tatu mlangoni, akanywa chai vikombe viwili, ndipo akasema.
"Mama, mwanao ananiua."
"Kwa lipi, baba?"
"Sauti anayo, mgongo anao, kufagia anafagia kuliko wafagiaji." Akamgeukia Chiriku. "Lakini dada, hiyo karatasi unaishika kama mtu anayejua kusoma halafu amekatazwa. Huyu mama hakukatazwa. Hajui, na anaogopa utamjua. Hivyo ni vitu viwili."
"Nimekaa na wasiojua kusoma wiki nzima," Chiriku akasema. "Nimewapa karatasi."
"Wakafanyaje?"
"Wakasema hawajui kusoma."
"Unaona? Wewe mtafute anayesema anajua!"
Nikainuka kuongeza maji kwenye birika lililokuwa limejaa.
Mlangoni akapunguza sauti, na sauti yake ikipunguzwa inafika barabarani. Jumatatu ndiyo mwisho. Yuko mwigizaji mwingine ambaye ameshayakariri maneno. Chiriku akasema sawa. Baadaye, huku akikunja taulo ambalo lilikuwa limekunjwa, akaniambia, "Akiniondoa sitarudi tena jukwaani, Mama. Yule mwandishi atakuwa alisema kweli."

Ijumaa, 5 Aprili
168 kwa 101.
Nimewaza usiku kucha. Nikimwonyesha karatasi inavyoshikwa, atajua. Akijua la karatasi, atajua na la picha. Nitamvua ile furaha ya ukutani niliyomvisha bila haki. Nikinyamaza, Jumatatu wanamtoa. Kila njia namuumiza, ila moja anaumia na kazi anayo.

Jumamosi, 6 Aprili
Sikupima.
Mchana, mvua imeshika kweli kweli, tuko mezani. Amechukua bili ya maji anafanyia mazoezi. Anaitazama, anakunja uso, anatikisa kichwa. Mwongozaji anasema kweli, hata mimi nisingemwamini.
Nikasema, "Nipe hiyo karatasi."
Akanipa akidhani nataka kuiweka vizuri.
"Wewe uwe afisa. Simama. Haya, nikabidhi."
Akasimama, akanikabidhi, anatabasamu.
Nikamwonyesha. Nilimweleza huku nikifanya. Kwanza tafuta muhuri au nembo, hiyo hukaa juu, ndipo ujue hukuigeuza kichwa chini. Usiisogeze karibu sana, watauliza macho. Usiisogeze mbali, watakuletea miwani. Macho yaende polepole, yashuke, halafu katikati yasimame kidogo kama umechomwa na kitu, maana kila barua ina mahali pa kuchoma. Hapo usiguse uso, shika kitu kingine, ukosi, kifungo. Na moyoni unahesabu. Daktari mmoja nilimwona akisoma ukurasa, nikamhesabia, akafika arobaini. Mimi nikachukua arobaini. Ukifika, unashusha pumzi, unakunja mara mbili, unamtazama aliyekupa. Hapo lazima umuulize kitu, maana swali ndilo litakalokuokoa. Unamuuliza...
Nikamtazama mwanangu usoni.
"Na wewe mwenyewe unaonaje?"
Tabasamu likamtoka. Mvua ikawa inapiga bati, hatusikii kingine.
"Mama," akasema. "Zile ripoti zangu."
"Zote."
"Na magazeti?"
"Nilikata palipo na uso wako."
Akageuka akautazama ule mraba mweupe. Nilimwona anavyofika pale, hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda ngazi gizani.
"Ulijua ile picha inasema nini?"
"Nimeisoma wiki mbili zilizopita. Nimejifunza uzeeni. Niliitundika kwa sababu ulikuwa mzuri."
"Kwa hiyo hukuitoa kwa sababu yangu."
"Maji yaliingia, mwanangu."
"Maji." Akacheka kicheko kibaya. "Miaka kumi na moja nakula mgongo kwenye picha ile ili nisiione. Nakula haraka niondoke. Nyumba ya mama yangu, Mama! Nilikuwa nalala hotelini mtaa wa pili, nakudanganya nina safari."
"Na mimi nilidhani unaona nyumba ni ndogo."
Akachukua kofia, akatoka na mvua yote ile. Bili ya maji iliachwa mezani, imekunjwa mara mbili.

Jumapili, 7 Aprili
171 kwa 104. Hajarudi.

Jumatatu, 8 Aprili
170 kwa 103. Nesi anasema nipunguze chumvi. Hii si ya chumvi.

Jumanne, 9 Aprili
172 kwa 102. Sindano ameleta supu, akakaa na mimi mpaka ikapoa. Nimemwambia yote, kuanzia goti. Nilitegemea acheke. Akasema, "Sasa kumbe hukuwa chuma." Nikasema sikuwa. Akasema, "Afadhali. Nilikuwa nachoka kukuogopa." Halafu ndipo akacheka, mpaka akapaliwa.

Jumatano, 10 Aprili
159 kwa 97.
Simu. Sauti ya mtu mrefu.
"Mama, umemfanya nini huyu binti?"
Nikajua ameondolewa. Nikaketi chini.
"Juzi nimemkabidhi barua, ukumbi wote ukasimama. Mafundi wa taa wameacha taa! Nimemuuliza amejifunza wapi. Anasema, kwa mwigizaji mkubwa kuliko yeye, amecheza nafasi moja miaka mingi na hakuna aliyemshtukia. Nimemwomba jina, anakataa kabisa. Wewe unamjua?"
"Namsikia tu," nikasema.
"Basi ukimwona mwambie namtafuta."

Alhamisi, 11 Aprili
153 kwa 95.
Amerudi saa nne asubuhi, mimi naanua nguo kwa sababu wingu limekuja tena. Hakusalimia. Akashika ncha mbili za shuka, mimi nina mbili, tukavuta, tukakunja, tukakutana katikati. Hapo ndipo akasema.
"Sikukasirika kwa sababu hukujua kusoma."
"Najua."
"Hujui. Nimekaa siku nne nakumbuka kila uliposema 'kula, mwanangu'. Wewe ulisema kula. Mimi nilisikia 'ndani hamna mtu'. Umewahi kusema kula mara ngapi, Mama?"
"Mimi? Kila dakika."
"Basi zote hizo nimezipoteza."
Nikamwambia hazipotei, mimi bado nazo, na kwa kweli kuna mayai yanapoa. Akacheka, kile kicheko chake mwenyewe, na shuka likaanguka kwenye tope. Tukalifua upya wote wawili.
Mezani akaniuliza darasa langu lilikuwaje. Nikamweleza kuhusu goti. Alilala kifudifudi juu ya meza kwa kucheka. Kisha akataka kujua kila kitu: kiti nilichokaa, neno la kwanza nililosoma barabarani. Nikamwambia neno la kwanza lilikuwa KINYOZI. Nilisimama mbele ya duka la kinyozi nikilisoma mara kumi, mpaka mwenyewe akatoka kuniuliza kama nataka kunyolewa.
Ameongea mpaka alasiri. Chiriku mzima mzima.

Jumatatu, 15 Aprili
146 kwa 90. Fundi amepiga bati jipya. Tumepaka ukuta wote rangi, Chiriku amepaka na kabati kwa bahati mbaya.

Jumapili, 21 Aprili
145 kwa 90. Mvua imepungua. Anafanya mazoezi ya maneno yake, mimi nasoma ya afisa. Anasema nasoma kama afisa kweli, sina haraka na shida za watu.

Jumamosi, 27 Aprili
157 kwa 96. Nina ruhusa leo.
Onyesho la kwanza, saa kumi alasiri. Sindano alinishonea gauni na kuniambia nisipumue sana. Tukakaa safu ya tatu.
Alipotoka na ufagio sikumjua. Nasema kweli, nilikuwa namtafuta mwanangu nyuma yake. Miguu ilikuwa mizito ya mtu aliyesimama siku nzima, na mkono mmoja kiunoni. Watu walimcheka alipobishana na mlinzi, wakampenda. Kisha ile barua.
Akaipokea. Akatafuta muhuri. Macho yakashuka, yakasimama, vidole vikashika kifungo. Ukumbi wote kimya, watu mia sita, na mimi peke yangu ndiye niliyejua ameshafika ngapi. Nilitegemea nione aibu. Maisha yangu yote niliogopa siku watu watakaponiona hivyo. Na sasa wananiona, taa zote zimewashwa, na hakuna aliyenicheka. Mzee mmoja mbele yetu alikuwa ameshika kifungo cha shati lake bila kujua.
Akafika thelathini na tano. Akafika arobaini. Hakukunja. Akaendelea kuitazama, arobaini na tano, hamsini, na nikaona kitu ambacho sikumfundisha. Yule mama alikuwa amesahau kujifanya. Alikuwa anatafuta jina la mwanawe kwenye wale sisimizi, kwa kweli kabisa, kama vile akitazama sana litajitokeza.
Mama wa pembeni yangu akaninong'oneza, "Maskini, hajui kusoma yule."
"Ndiyo," nikamwambia. "Lakini usimwambie mtu."
Mwishoni watu walisimama. Sindano alipiga makofi mpaka pete ikamtoka ikabingirika chini ya viti. Mimi sikuweza kusimama, magoti yote mawili yalikataa, na safari hii haukuwa uongo.

Jumatatu, 29 Aprili
144 kwa 89.
Jua. Nimeanika kila kitu kinachoanikika.
Gazeti limetoka. Chiriku amelileta halijafunguliwa, akajilaza kwenye kochi, miguu kwenye mapaja yangu, akafunika macho kwa mkono.
"Sisomi mimi. Nisomee wewe."
"Mimi nasoma polepole."
"Ndivyo ninavyotaka."
Nikavaa miwani. Ni makala ndefu, nusu ukurasa. Wanasema kuhusu ukumbi, kuhusu mvua ya wiki nane, kuhusu mwongozaji. Wanasema mwigizaji huyu ametoka kwenye sinema akiwa na uso, na sasa ameleta mtu kamili. Hapo nilipasoma mara mbili, nikamsikia anameza mate. Neno "unyenyekevu" lilinisumbua, nikalikata vipande vipande, hakunisaidia, alisubiri tu mpaka nikavuka.
Halafu nikaona mstari unaofuata. Nikausoma kimoyomoyo kwanza. Unasema sehemu ya pili ya mchezo inachosha, na kwamba pale mama anapolia gerezani, mwigizaji analia zaidi ya mama mwenyewe.
Macho yake yalikuwa yamefunikwa. Ningeweza kuuruka. Ningeweza kutunga mwingine, ningetunga mzuri, na asingejua kamwe. Kidole changu kilikaa hapo kitambo.
Nikausoma kama ulivyoandikwa, mpaka nukta.
Nje shuka linapigapiga kwenye kamba.
"Pale gerezani kweli nazidisha," akasema chini ya mkono wake. "Wewe uliona hivyo?"
"Niliona. Kidogo."
"Mbona hukuniambia?"
"Nakuambia sasa."
Akasogeza miguu, akakaa vizuri zaidi mapajani pangu.
"Endelea, Mama."
Nikaendelea.